Uwekezaji wa kigeni na uchafuzi wa mazingira

Uwekezaji wa kigeni na uchafuzi wa mazingira ni mada ya uchumi inayochunguza kama mtaji kutoka nje, pamoja na ukuaji wa uchumi unaofuatana nao, huongeza au hupunguza uchafu katika hewa, maji na udongo wa nchi inayoupokea.

Nadharia

Kuna maoni mawili yanayopingana. La kwanza linasema viwanda vichafu huhamia nchi zenye sheria legevu, kwa sababu kusafisha moshi na majitaka ni gharama. La pili linasema mwekezaji huja na mitambo mipya inayochafua kidogo kuliko ile ya zamani.

Kuna pia mchoro wa Kuznets, wenye umbo la kilima: uchafuzi hupanda nchi inapoanza kukua, kisha hushuka watu wanapokuwa na kipato cha kutosha. Simon Kuznets mwenyewe aliandika juu ya tofauti za kipato. Waliohamishia wazo hilo kwenye mazingira mwaka 1991 ni Gene Grossman na Alan Krueger. Mchoro huo hufaa kwa baadhi ya gesi za viwandani, lakini kwa dioksidi ya kaboni na taka ngumu haufai sana. Wala hausemi kwamba usafi huja wenyewe: sumu ikishaingia mtoni haisubiri kipato kipande.

Tanzania

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi mkubwa kuanza. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Sheria ipo, kazi ni kuifuatilia. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yaliingia mto Tigithe, unaotumiwa na watu na mifugo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi.

Kusini mwa Moshi mambo yana sura nyingine. Kiwanda cha sukari cha TPC kilianzishwa na Wadenmark katika miaka ya 1930, kikataifishwa, na mwaka 2000 hisa 75 kwa mia zikauzwa kwa wawekezaji wenye asili ya Mauritius. Zilizobaki ni za serikali. Makapi ya miwa, ambayo yangekuwa taka, huchomwa kuzalisha umeme.

Tofauti ya sheria mpakani

Tarakea, wilayani Rombo, inapakana na Loitokitok ya Kenya, na huonyesha kwa udogo jinsi uchafu unavyofuata sheria legevu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ikiweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa karibu miaka miwili, mfuko uliokuwa halali Tarakea ulikuwa kosa la jinai hatua chache mbele, na Kenya ililalamikia mifuko ya magendo kutoka nchi jirani. Hapo hapakuhitajika mwekezaji wala kiwanda, ila bidhaa rahisi na sheria mbili zisizolingana.