Ruzuku Isiyopita Mkononi mwa Mkulima

Asikiaye kwamba Serikali imetoa ruzuku kwa wakulima wa wilaya ya Kilosa, Tanzania, aghalabu hudhani kuwa watu wale wamehesabiwa fedha, kumbe fedha hizo, kwa ada ya nchi yetu, humpita mkulima kando zikaingia katika hesabu ya mwagizaji wa mbolea au wakala wa pembejeo, naye mwenye shamba asiione athari yake ila katika bei.

Hayo yalidhihirika zaidi katika zama za vocha. Tangu msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 Serikali, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa vocha katika wilaya zilimazo mahindi na mpunga. Mkutano mkuu wa kijiji ulichagua kamati, na kamati ikawateua wakulima wadogo, wale wasiolima zaidi ya hekta moja, wanawake waongozao kaya wakitangulizwa. Na kila aliyeteuliwa alipata vocha ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu, kadiri ya kutosha ekari moja. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei. Nusu iliyosalia ilikuwa juu ya mkulima mwenyewe, na wakala, akisha kuipokea vocha, aliipeleka benki ya NMB akalipwa.

Katika nusu hiyo iliyosalia ndimo lilimokuwa tatizo, kwa maana utaratibu ulimtafuta mhitaji na papo hapo ukamshurutisha awe na fedha taslimu wakati wa kupanda, ambao ndio wakati ghala lake lilipokuwa tupu na watoto wakitaka karo. Wako waliotia sahihi vocha wakachukua shilingi chache, mbolea ikabaki dukani, na wakala akadai kwa Serikali thamani ya mfuko ambao haukutoka. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika katika mikoa mingi. Mimi siwalaumu sana waliouza vocha zao. Mwenye njaa hununua unga kwanza.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kuipandisha bei ya mbolea duniani, na mfuko wa DAP, yaani mbolea ya kupandia, ukiwa umepita shilingi 100,000 kwetu, ruzuku ilirudi kwa sura nyingine. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Mbeya tarehe 8 Agosti, bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea, mbolea ya kukuzia, ikashushwa hadi 70,000, na mahali pa vocha pakashikwa na daftari la wakulima na namba apewayo kila aliyejiandikisha. Insafu yataka tukiri kwamba mlango ulipanuka: mlimaji wa miwa wa Ruhembe au Kidodi, huko huko Kilosa, ambaye vocha za mahindi na mpunga hazikumhusu, sasa naye alikuwa na haki ya kujiandikisha. Lakini sehemu ya Serikali iliendelea kulipwa kwa mwenye mbolea, na zile 70,000 zilitakiwa taslimu kama ilivyotakiwa nusu ya vocha.

Yako, hata hivyo, malipo ya Serikali yamfikiayo mkulima mwenyewe, na ukitaka kuyajua uende Mikumi, humo humo Kilosa, pembezoni mwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako tembo huingia mashambani usiku mahindi yakiwa yamekomaa. Malipo hayo, yatolewayo mazao yakiharibiwa na wanyama, huitwa kifuta jasho, nayo yasichanganywe na kifuta machozi, kitolewacho kwa ajili ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2011 zilipima kifuta jasho kwa umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi: shilingi 100,000 kwa ekari kwa lililo mbali kupita kilomita tano, 50,000 kwa lililo kati ya kilomita moja na tano, 25,000 kwa lililo kati ya mita 500 na kilomita moja, na zisizidi ekari tano. Mwenye shamba lililo kilomita mbili na mpaka, aliyenunua mfuko mmoja wa Urea kwa bei ile ya ruzuku, tembo wakimmalizia ekari nzima, kwa viwango hivyo hata fedha ya mfuko ule haikurudi. Na mwenye shamba lililo ndani ya mita 500, ambaye ndiye jirani wa kwanza wa tembo, kanuni hizo hazikumwandikia kitu.