Samadi ya majirani yaweza kupunguza mkaa Rubavu

RUBAVU – Anayepika chai na maandazi karibu na mpaka wa Gisenyi na Goma anajua jinsi mkaa unavyokula faida. Ilhali kwenye vilima vilivyo juu ya mji, kuelekea Bigogwe na Gishwati, ng'ombe wa maziwa wanaacha kila siku samadi inayoweza kuwasha majiko.

Kilo 25 za samadi mbichi, zikichanganywa na maji kiasi hichohicho, hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi. Hiyo huwasha jiko moja kwa saa mbili hadi tatu.

Kuipata samadi hiyo kila siku kunahitaji angalau ng'ombe wawili wa zizini. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, huipa familia maskini ng'ombe mmoja. Serikali ilianzisha mpango wa bayogesi ya majumbani mwaka 2007, lakini mitambo mingi ilisimama: samadi haikutosha, maji yalikuwa mbali, au fundi hakupatikana.

Majirani watano wenye ng'ombe mmojammoja wanaweza kujaza mtambo ambao hakuna hata mmoja wao angeuweza peke yake.

Funzo la magereza

Kwamba mtambo mkubwa hufanya kazi, Rwanda inajua. Chuo cha KIST kilianza na gereza la Cyangugu mwaka 2001, kwa kutumia kinyesi cha wafungwa. Kuni za kupikia zilipungua kwa karibu nusu, na mwaka 2005 chuo hicho kilipata tuzo ya Ashden.

Lakini gereza lina msimamizi mmoja. Kwa majirani, cha wote hugeuka kuwa kisicho na mwenyewe. Dawa yake ni daftari: kila ndoo ya samadi iandikwe, gesi igawanywe kulingana na ndoo, na kila mwezi itengwe akiba ya kununua valvu na mabomba.

Gesi hii haina nguvu ya kusafiri mbali. Nyumba zikitawanyika, ni afadhali auziwe mteja mmoja wa jirani: mgahawa, shule, au kituo cha maziwa kinachohitaji maji ya moto ya kuoshea makopo.

Ardhi nayo ina masharti yake. Mwamba wa volkano ni mgumu kuchimba, na matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 22, 2021 yalipasua nyumba nyingi Rubavu. Mtambo wa matofali ukipata ufa, gesi huvuja. Kabla ya kuchimba, fundi apime mahali.

Kwa mfanyabiashara wa mboga, faida ya pili huenda ikazidi ya kwanza. Tope linalobaki baada ya gesi ni mbolea nzuri kwa karoti, vitunguu na kabichi zinazovushwa kwenda Goma. Kikundi kinachoanza leo kiandike na tope hilo kwenye daftari, kwani nalo lina bei.