Siagi ndani ya bia

Wandugu, kuna bia inayonuka siagi, na hakuna mutu aliyeitia. Ni diasetili. Levire ikichachusha, inaacha asetolaktati, kitu kisicho na harufu, ambacho polepole kinageuka diasetili. Ukiipa siku chache za joto, levire ileile inaikula. Ukipoza bia haraka, inalala, na siagi inatokea kisha, ndani ya chupa, kwa mteja!

Njo maana labo inapasha sampuli moto, karibu digrii 60, kilichofichama kigeuke, kisha kromatografia ya gazi inahesabu. Miligramu 0.1 hivi kwa litre inatosha kusikika.

Hauna mashini? Funika glasi mbili za bia, moja uiweke ndani ya maji ya moto nusu saa, uipoze, unuse zote. Ya moto ikinuka siagi, usiuze bado.