Kilichomo Ndani ya Namba: Utafiti wa Nancy Leveson na Usalama wa Mgonjwa

Mtafiti wa chuo kikuu siku hizi hupimwa kwa hesabu mbili: ameandika makala ngapi, na makala hizo zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza hesabu hizo ziunganishwe katika namba moja, fahirisi ya h. Mwenye fahirisi ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Ni namba rahisi kuikokotoa, lakini haituelezi kama kazi hiyo ilimfaa mtu yeyote nje ya chuo. Kwa swali hilo hatuna budi kuzisoma kazi zenyewe, na za Nancy Leveson zinastahili kusomwa na watu wa tiba.

Leveson ni mtaalamu wa uhandisi wa programu za kompyuta na profesa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani. Kazi zake zimerejelewa maelfu ya mara. Mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi ni makala aliyoiandika pamoja na Clark Turner katika jarida la Computer, Julai 1993. Makala hiyo inachunguza Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na Atomic Energy of Canada Limited. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi. Baadhi yao walifariki kutokana na majeraha hayo.

Tukio la Tyler, Texas, Machi 1986, linaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Mwendeshaji aligundua kwamba ameandika herufi isiyo sahihi ya aina ya mionzi, akairekebisha upesi, kisha akawasha mashine. Kioo cha kompyuta kilionyesha hitilafu namba 54 na kwamba mgonjwa amepata mionzi pungufu. Kwa kuwa mashine ilizoeleka kutoa hitilafu ndogo ndogo, mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alitakiwa kupata rad 180. Ilikadiriwa baadaye kwamba alipata kati ya rad 16,500 na 25,000. Siku hiyo kamera na kipaza sauti vya chumba cha tiba havikuwa vikifanya kazi, hivyo hakuna aliyemwona wala kumsikia alipopatwa na maumivu. Alifariki miezi mitano baadaye.

Mgonjwa wa kwanza, huko Georgia mwaka 1985, alilalamika papo hapo kwamba ameunguzwa. Aliambiwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Mtengenezaji naye alishikilia msimamo huohuo.

Leveson na Turner walionyesha kwamba sehemu ya programu ilirithiwa kutoka kwa mashine zilizotangulia. Therac-20 ilikuwa na kasoro inayofanana, lakini vizuizi vyake vya umeme na vyuma viliikatiza mionzi kabla haijamdhuru mtu. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na kazi yao ikaachiwa programu peke yake. Zaidi ya hayo, kasoro ya Tyler ilipokuwa imekwisha kutambuliwa, mgonjwa wa Yakima, Washington, aliumizwa Januari 1987 kwa kasoro nyingine kabisa. Hapo ndipo lilipo funzo kuu la makala: kuziba tundu moja moja hakuifanyi mashine kuwa salama. Usalama unahitaji kutazama mfumo mzima, yaani programu, vyuma, mwendeshaji, maelekezo, na njia ya kupokea malalamiko.

Wazo hilo limepita katika kazi zake zote. Mwaka 1986, yeye na John Knight walichapisha jaribio ambamo programu 27 ziliandikwa na watu tofauti kwa ajili ya kazi ileile. Ilidhaniwa kwamba zikikosea, kila moja ingekosea kivyake. Ikabainika kuwa zilikosea pamoja mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Kitabu chake Safeware kilitoka mwaka 1995. Mwaka 2004 alichapisha nadharia ya STAMP, inayoieleza ajali kuwa ni udhibiti uliopungua katika mfumo, badala ya kuisaka sehemu moja iliyoharibika au mtu mmoja wa kulaumiwa. Nadharia hiyo imetumika katika usafiri wa anga, reli, mitambo ya nyuklia na huduma za afya.

Fahirisi ya h isingeweza kutuonyesha tofauti kati ya makala ya mwaka 1993 na nyingine yoyote iliyorejelewa mara nyingi kama hiyo. Haiwahesabu wanafunzi wa uhandisi wanaofundishwa kisa cha Therac-25 kabla ya kuanza kazi, wala mgonjwa ambaye hakuunguzwa kwa sababu kizuizi hakikuondolewa. Namba hutuambia kwamba kazi imesomwa. Faida yake hutegemea aliyeisoma alifanya nini.

Sisi watoa huduma tunatumia pampu za dripu, mashine za kupumulia na mashine za mionzi ambazo zote huendeshwa na programu. Mashine ikionyesha hitilafu tusiyoielewa, tusiendelee kwa mazoea. Tuisimamishe kwa njia iliyo salama kwa mgonjwa, tuandike namba ya hitilafu, saa, na vitufe tulivyobonyeza, kisha tutoe taarifa. Huko Tyler, mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji waliirudia hitilafu hiyo hatua kwa hatua mpaka chanzo kikajulikana, kwa sababu mwendeshaji alikumbuka alichokiandika.

Nawe mgonjwa, ukihisi maumivu au joto lisilo la kawaida ukiwa kwenye mashine, sema mara moja. Ukiambiwa kwamba haiwezekani, omba malalamiko yako yaandikwe.