Batri ya pili iko wapi?

Gari za zamani kutoka Ulaya, zile zenye kitanda na frigo ndani, mara nyingi ziko na batri mbili. Moja inawasha motere. Ya pili inalisha taa, pompi ya maji na frigo. Kooperative ikinunua gari kama hiyo ili kubeba chanjo za kuku, watu wanafungua kapoti, wanaona batri moja, basi. Ile ingine inasahaulika mpaka siku frigo inaamka na joto, chanjo zote zimekufa.

Muitafute chini ya kiti cha dereva ao cha pembeni yake, chini ya benchi, ao nyuma ya kamlango kadogo ka inje. Haionekani? Mufuate waya munene mwekundu unaotoka kwa batri ya motere, bila kuuvuta.

Mukiipata, muweke sigara mbali, juu batri ikichajiwa inatoa gezi inayolipuka. Muzime vyote, mungoje saa kadhaa, kisha mupime: volti 12,6 imejaa, 12,0 imepita nusu kuisha, na batri inayoachwa hivyo kila mara haidumu. Mukiitoa, muanze na waya wa hasi.