Ukilala ugenini, tazama ukuta na sakafu kabla ya shuka

Katika miji yenye pilikapilika ya Asia kama Bangkok na Mumbai zipo hoteli za kifahari ambazo watu hulipa fedha nyingi ili walale tu na kupumzisha mwili. Mgeni anatoka kwenye honi na msongamano wa barabarani, anapokelewa kwa taulo lililochovywa maji ya moto, anakandwa mgongo, anaingia chumba cha mvuke, kisha analala kwenye shuka nyeupe zisizo na kunyanzi. Watanzania kadhaa waliowahi kwenda India kutibiwa moyo au figo wameziona hoteli hizo kwa nje, wakiwa njiani kuelekea vyumba vya kupanga karibu na hospitali.

Nazitaja kwa sababu zinajenga imani moja ambayo tunayo hata huku: kwamba mahali pazuri pa kulala ni mahali pa afya. Mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote. Kwa mgonjwa, au kwa mzazi anayesafiri na mtoto, kuna mambo ya kuangalia ambayo hayaonekani kwenye picha ya chumba wala kwenye bei yake. Mahali pazuri pa kujifunzia hilo ni Tabora.

Zamani za misafara, Tabora ndiyo ilikuwa pumziko la njia nzima. Msafara ulitoka Bagamoyo au Kaole, ukavuka Ugogo wenye shida ya maji, ukafika Unyanyembe ukiwa hoi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 7. Walipokelewa na mfanyabiashara wa Kiomani, Snay bin Amir, ambaye Burton alimsifu sana kwa ukarimu wake. Palikuwa na chakula cha kutosha, kivuli, na nyumba za tembe zenye kuta nene za udongo ambazo mchana wa jua kali hubaki baridi ndani. Kwa mtu aliyetembea miezi minne, hiyo ilikuwa hoteli ya kifahari.

Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe alilokaa Henry Morton Stanley mwaka 1871 bado linatunzwa kama makumbusho. Lilikuwa nyumba nzuri kwa viwango vya wakati ule. Hata hivyo Stanley aliugua homa humo hadi akapoteza fahamu, na mwenzake John Shaw alifia hapo Unyanyembe. Stanley alirudi Kwihara Februari 1872 pamoja na David Livingstone, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Humo ndani watu walipumzika kweli, na humo humo waliugua.

Ni homa gani? Wakati ule kila homa iliitwa homa tu. Ilikuwa bado miaka mingi kabla ya Ronald Ross kugundua mwaka 1897, akiwa India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Hatuwezi leo kumpima Stanley. Lakini tunajua kwamba njia ile ilikuwa na angalau homa mbili zilizomsubiri mgeni kitandani. Moja ni malaria. Ya pili wengi wa wasomaji wangu wa mjini hawajawahi kuisikia, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: homa ya papasi.

Papasi ni kupe, lakini si kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku kadhaa. Huyu ana mwili laini wa rangi ya kijivu au kahawia, kama kipande kidogo cha ngozi kavu, na mkubwa wake hufika karibu sentimita moja. Mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye vumbi la sakafu isiyosakafiwa, chini ya mkeka, kwenye miguu ya kitanda. Usiku hutoka, humuuma aliyelala kwa muda usiozidi nusu saa au zaidi kidogo, akashiba, akarudi kwenye ufa wake. Mara nyingi hausikii. Anaweza kukaa miaka bila kula akisubiri, kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu muda mrefu si lazima iwe salama.

Mwaka 1905 Robert Koch, daktari maarufu wa Kijerumani, alifika nchini mwetu na kukuta papasi tele kwenye vibanda walimolala wapagazi kando ya njia za misafara. Akaona pia kwamba papasi jike hupitisha ugonjwa hadi kwenye mayai yake, yaani watoto wake huzaliwa tayari wana uwezo wa kuambukiza. Mwaka huohuo, upande wa Kongo, daktari kijana wa Kiingereza Joseph Dutton alikuwa akichunguza homa hiyohiyo. Alifia Kasongo, mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip, Februari 1905, ugonjwa aliokuwa akiuchunguza ukiwa umempata yeye mwenyewe. Bakteria anayesababisha homa hii leo anaitwa kwa jina lake.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa papasi mambo huwa kinyume. Mwenyeji aliyekulia katika nyumba yenye papasi huwa amejenga kinga ya kiasi fulani, anaumwa kidogo au haumwi kabisa, na atakuambia kwa nia njema kwamba nyumba yake haina shida. Anayeanguka ni mgeni, mtoto mdogo, na mama mjamzito, maana kwa mjamzito kinga hiyo hupungua nguvu.

Usichukulie hili kuwa hadithi ya karne iliyopita. Mvumi, Dodoma, mahali ambapo misafara ile ilipita pia, hospitali yake imefanya utafiti juu ya homa ya papasi kwa miaka mingi, hasa kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Ugonjwa umepungua kadiri nyumba za saruji na bati zinavyoongezeka, lakini nyumba za udongo bado zipo, na wagonjwa wengi wanaofuata matibabu hulala humo. Fikiria mama aliyetoka mbali kuja Hospitali ya Kitete pale Tabora mjini, au Nkinga kule Igunga. Mtoto amelazwa au anatakiwa kurudi kliniki baada ya siku tatu. Fedha ya gesti hana. Atalala kwa ndugu wa ndugu, au atapanga chumba cha bei nafuu pembeni ya mji.

Ukipewa chumba, kabla hujashusha mizigo, tazama sakafu na ukuta kwanza. Sakafu ya saruji isiyo na nyufa na ukuta uliopigwa lipu ni afadhali kuliko godoro jipya juu ya sakafu ya udongo. Inua godoro, angalia mbao za kitanda. Ukikuta vijidudu bapa vyekundu-kahawia kwenye pindo za godoro, hao huenda ni kunguni. Watakunyima usingizi na kukuwasha, lakini kunguni hajulikani kuambukiza magonjwa. Omba chumba kingine, usiwe na hofu kupita kiasi. Kama sakafu ni ya udongo, usilale chini kwenye mkeka, wala usimlaze mtoto hapo. Lala kitandani, sogeza kitanda mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chandarua kinachoning'inia hadi sakafuni huzuia mbu wengine, lakini papasi hupanda kutoka chini.

Chandarua beba chako. Nasema hivi hata kwa anayelala hoteli yenye kiyoyozi. Vyandarua vingi vya vyumba vya wageni vina matundu, na muhudumu hukifunga fundo juu ya kitanda kwa ajili ya mapambo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha Tabora ndiyo mkoa unaoongoza kwa malaria kwa watoto wadogo: watoto 23 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ni 8. Mtoto wa Dar es Salaam au Arusha anayeletwa kumsalimia bibi Sikonge au Urambo wakati wa likizo hana kinga aliyonayo binamu yake wa pale. Mtoto mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi: malaria kwake ni hatari kubwa, na safari ndefu ya treni au basi bila kunywa maji, kisha usiku wa baridi wa Juni, vinaweza kuamsha maumivu makali. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo kwenye buti la basi.

Baridi hiyo ya Juni na Julai huwafanya wengine waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Usifanye hivyo. Moshi wake usio na harufu umeua familia nzima zikiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Kuhusu mvuke na kukandwa, kwa kuwa nimeanza na hoteli za Asia: chumba cha mvuke cha huko ni ndugu wa nyungu yetu, iliyovuma sana mwaka 2020. Mtu mzima mwenye afya hupata raha na kulegea misuli. Lakini mwenye homa hatakiwi kuongezewa joto, na mtoto mwenye homa kufukizwa ni kumweka kwenye hatari ya kupungukiwa maji na kuungua. Mjamzito aepuke joto kali, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza, na anayetumia dawa za presha ajue kwamba akisimama ghafla baada ya mvuke anaweza kuzimia.

Sasa sehemu ambayo ningependa uikate gazetini uiweke ndani ya daftari la kliniki. Umerudi nyumbani, na baada ya wiki moja hivi homa inapanda ghafla: kutetemeka, kichwa, viungo, pengine kutapika. Unakwenda zahanati, unachomwa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinasema huna. Unapewa dawa ya maumivu. Siku ya tatu au ya nne homa inakatika, unatoka jasho jingi, unapata nafuu, unamshukuru Mungu. Baada ya siku kadhaa inarudi vilevile. Kipimo tena, huna malaria. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotelea, wengine wakidhani wamerogwa, wengine wakimeza dawa ya malaria ya dukani wasiyoihitaji.

Kipimo cha haraka hakidanganyi; kimeulizwa swali moja tu, nalo ni la malaria. Bakteria wa papasi haonekani hapo. Huonekana mtaalamu wa maabara anapoweka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini, na huonekana vizuri zaidi damu ikichukuliwa wakati homa imepanda. Kwa hiyo usisubiri ipoe ndipo uende. Nenda nayo. Mwambie mhudumu maneno haya: nililala mahali fulani, siku fulani, nyumba ya udongo, homa imekuja na kuondoka na kurudi, naomba damu iangaliwe kwa darubini. Hakuna daktari makini atakayechukia kuambiwa hivyo. Na kama kipimo cha malaria kimeonyesha unayo, umetibiwa ukamaliza dozi na homa bado inarudi, sema vilevile, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Mjamzito asisubiri mzunguko wa pili. Homa hii kwake huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto anaweza kuzaliwa ameshaambukizwa. Kichanga wa namna hiyo huwa katika hatari kubwa sana. Mtoto yeyote mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au anayelala usingizi mzito asiamke vizuri, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, bila kujali kipimo cha jana kilisema nini.

Tiba ipo na si ghali: antibayotiki za kawaida huua bakteria huyo. Ila kuna jambo la kujua mapema. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa muda, atetemeke, joto lipande, presha ishuke. Hutokea kwa sababu bakteria wengi wanakufa kwa pamoja, wala haina maana kwamba umepewa dawa isiyokufaa. Ndiyo maana dozi hiyo inafaa kutolewa kituoni, mgonjwa akabaki chini ya uangalizi, si kununuliwa dukani na kumezewa nyumbani. Muulize mhudumu abaki saa ngapi, na nenda ukiwa umejiandaa kulala huko. Mikeka na mablanketi mliyorudi nayo kutoka safarini yatoeni nje, yakung'uteni mbali na nyumba na kuyaanika kwenye jua kali, kwa sababu papasi husafiri kwenye mizigo leo kama walivyosafiri kwenye mizigo ya wapagazi.