Unga wa Maua na Vumbi la Mawe

Katika nchi za Shinyanga na Geita, mvua zikisha kukolea, nyasi za mbuga huchanua na mahindi hutoa mbelewele. Litikise bua la mahindi asubuhi, umande ukisha kukauka, utaona unga wa manjano ukiruka. Unga huo ni chavua. Ukiangukia ndevu za hindi, punje hufanyika. Nyasi nazo zina chavua, iliyo nyepesi zaidi, na upepo huichukua mbali, hata puani na machoni mwa watu.

Watu wengi hawadhuriki nayo. Lakini miili ya wengine huidhani kuwa adui, ikapigana nayo: macho huwasha, chafya hufuatana, na kamasi hutiririka kama maji. Hali hiyo ni namna ya mzio. Mwaka 1819 tabibu Mwingereza, John Bostock, alieleza jinsi ugonjwa huo ulivyompata mwenyewe. Mwaka 1873 tabibu mwingine, Charles Blackley wa Manchester, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo chake ni chavua. Waingereza huuita homa ya nyasi kavu, ingawa hauleti homa.

Mwenye ugonjwa huu afanyeje? Atokapo shambani na anawe uso kwa maji safi, abadili nguo, wala asifikiche macho. Siku ya upepo mkavu na afunge madirisha. Dawa za kutuliza mzio zipo, ila nyingine huleta usingizi. Basi aulize kwanza zahanati. Pumzi ikibana na kifua kikilia kama filimbi, aende upesi, maana huenda ikawa pumu.

Sasa angalieni jambo la pili. Penye machimbo ya dhahabu liko vumbi jingine, litokalo katika mawe yasagwayo kwa karasha. Taabu ya chavua hukoma majira yake yakiisha. Vumbi la mawe sivyo: chembe zake ndogo mno huingia ndani ya mapafu, zikakaa humo na kuyafanya magumu, tena huzidisha hatari ya kifua kikuu. Kunawa uso hakuziondoi. Kwa hiyo watoto wasicheze karibu na karasha. Na mtu akikohoa majuma mawili, asiseme, "Ni maua tu." Aende akapimwe.

Maswali
1. Chavua ina kazi gani katika mahindi?
2. Vumbi la mawe lapitaje chavua kwa ubaya?